Kiangazi Kile Yaya Aliponifundisha

Siku majina ya waliofaulu mtihani wa Serikali yaliposomwa redioni, mama alipiga kigelegele kimoja tu, kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Papa alipunguza sauti ya redio. Sote watatu tuligeuka kutazama mlango wa chumba cha nyuma, ambamo yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alikuwa bado amelala ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Tulisubiri. Hakuna kilichosikika.

"Vizuri," Papa aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia nyumba yenye mgonjwa. Akavaa kofia yake ya kazi, akaenda depo, kule injini za treni zilikokuwa zinatengenezwa. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakikandamiza kifuani mwake, kisha akarudi jikoni kuchambua ndagala, dagaa wa ziwani. Hivyo ndivyo nilivyosherehekewa.

Sikuwalaumu. Miaka miwili kabla ya hapo, redio hiyo hiyo ilisoma jina la yaya, na siku ile Papa aliita kambi nzima ya reli. Majirani walicheza uani mpaka maboga ya mama yakakanyagwa. Yaya alikuwa kifungua mimba, mrefu, mcheshi, mtu wa kumpigia mahesabu kila aliyeomba. Alipopanda treni ya Lubumbashi kwenda chuo kikuu, Papa alitembea sambamba na behewa hadi mwisho wa jukwaa, akimwita "Enjenia! Enjenia!" mbele za watu.

Alirudi kabla mwaka wa masomo haujafungwa rasmi, akiwa amepanda treni ya mizigo. Sanduku lake halikuwa na kitabu hata kimoja. Mama alimwuliza kama anaumwa; alisema hapana. Papa alimwuliza kama ameanguka mtihani. Alitazama chini, na Papa akachukua hilo kuwa jibu. Tangu siku ile nyumbani kwetu ilijulikana hivyo: yaya alianguka prepo. Nje walisema zaidi. Wengine walisema amesoma kupita kiasi, wengine walisema ndugu za Papa wa kule Kabalo wamemfunga akili. Mama alimpeleka kwenye maombi, akampeleka pia kwa mzee mmoja mwenye dawa, bila kumwambia pasta. Hakuna kilichobadilika. Alilala mchana, alikaa nyuma ya nyumba akitazama ukuta wa jirani, na alizungumza pale tu alipohitaji maji au chumvi. Mama alitukataza kutaja chuo kikuu mbele yake. Hata neno "Lubumbashi" tulilikwepa, tukasema "kule juu".

Na mimi sasa nilitaka kwenda kule kule, kufanya kitu kile kile.

Prepo ulikuwa mwaka mmoja wa matayarisho. Mwenye diploma ya sekondari aliyetaka kuwa mhandisi hakuingia moja kwa moja. Kwanza alipitia mwaka huo, na ukimshinda alirudi kwao au akatafuta masomo mengine. Waliopitia walisimulia kwamba ukumbi unajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi mwanzoni, na kufika mwisho unachagua kiti unachotaka. Sisi tuliotoka Kalemie tulikuwa na woga wa ziada. Mwalimu wetu wa hesabu aliugua katikati ya mwaka wa mwisho, akaenda kwao, hakuletwa mwingine. Tulimaliza nusu ya programu. Nilifaulu mtihani wa Serikali kwa kubahatisha maswali ya ile nusu tuliyoijua. Kule prepo hakuna ambaye angeuliza nusu yangu tu.

Nilipomwambia Papa kwamba nimeandikisha jina langu kwa uhandisi, alikuwa ananawa grisi mikononi kwa mchanga na sabuni. Hakuinua kichwa.

"Hapa Kalemie kuna kazi ya ualimu," alisema. "Masista wanatafuta wasichana wa kufundisha. Unalala kwenu, unakula kwenu."

"Papa, mimi nataka kujaribu."

"Hata yeye alitaka." Akamwaga maji machafu. "Oktoba bado iko mbali. Tutaona."

Hakukataa, basi nikachukua hiyo kuwa ruhusa.

Kwa padri mzee aliyetunza maktaba ya shule niliazima kitabu cha jeometri ya kuchora, ile ambayo Wafaransa wanaiita deskriptive. Sikuwa nimewahi kuisoma, na kila mtu alisema ndiyo inayofukuza watu prepo. Nikaweka meza ndogo barazani, upande usiopigwa na upepo. Kiangazi kwetu upepo wa kusini hauchoki. Ziwa linachafuka, mavumbi ya barabara yanaingia kwenye chai, na moshi wa mashamba yanayochomwa unaziba milima ya ng'ambo kiasi kwamba unaweza kudhani ziwa halina mwisho. Nilikaa pale asubuhi baada ya asubuhi, nimejifunga sweta ya mama, nikitazama kurasa zilizojaa mistari na herufi ndogo zenye alama juu yake. Maneno ya Kifaransa niliyaelewa moja moja. Yakikaa pamoja sikuyaelewa. Nilinakili michoro bila kujua ninachora nini, kama mtoto anayeandika jina lake kabla hajajua kusoma.

Siku moja nilikuwa nimeshaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yalikuwa yanaanguka kwenye karatasi. Yaya alitokea na kikombe, anaenda kwenye mtungi. Alipita nyuma yangu, akasimama. Nilijaribu kufunika kitabu kwa mkono kwa sababu ya lile katazo la mama.

"Hiyo si mistari," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Hiyo njo vivuli."

Niliogopa kwamba nikisema neno ataondoka.

"Toa mukono."

Nikautoa. Alitazama mchoro wangu kwa muda mrefu, kikombe kikiwa kimeinama mkononi mwake. Kisha aliingia jikoni, akarudi na katoni tupu ya sabuni na njiti za fagio la mama. Akaikata ile katoni ikabaki pande mbili, akaukunja upande mmoja ukasimama wima kama ukuta, mwingine ukalala kama sakafu. Akainua njiti hewani katikati, akiishikilia kwa vidole.

"Tazama. Kivuli cha njiti kwenye sakafu ni kimoja. Kivuli chake kwenye ukuta ni cha pili. Ukipewa kimoja tu, hujui njiti iko wapi. Inaweza kuwa hapa, inaweza kuwa pale. Ukipewa vyote viwili, umeipata, haiwezi kujificha." Kisha akaulaza ule ukuta taratibu mpaka ukawa sawa na sakafu. "Na sasa vyote viwili viko kwenye karatasi moja. Njo hicho kitabu chako chote."

Nilitazama kitabu. Ile mistari ilikuwa imeinuka kutoka kwenye ukurasa. Sijui niseme namna gani nyingine. Nilipogeuka kumshukuru, mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, mdomo wazi, kwa sababu yaya alikuwa hajasema maneno mengi kiasi hicho tangu alipoteremka kwenye ile treni.

Kesho yake alikuja tena bila kuitwa. Alikuwa ameoga. Alimwomba mama chai, akainywa amesimama, akavuta kiti. Hivyo masomo yakaanza, na yakachukua sehemu kubwa ya kiangazi kile.

Hakuwa mwalimu mpole. Mstari ukitetemeka, alifuta mchoro wote, sio mstari ule tu. Nikilalamika kwamba mkono unauma, alisema, "Kule hakuna mwenye kukuuliza kama umechoka." Hatukuwa na bikari, akatumia uzi na msumari, akanifundisha kuvuta duara bila uzi kulegea. Alikwenda mwenyewe mjini, yeye ambaye alikuwa hatoki nje ya ua, akazunguka madukani akitafuta penseli ngumu inayochora mstari mwembamba. Alirudi nayo na mavumbi mpaka kwenye kope. Mama alimletea maji ya kunawa uso.

Nje ya kitabu pia alinifundisha. Alinichorea ukumbi: mahali profesa anaposimama, upande ambao ubao unang'aa kwa jua la saa nne hata huoni kitu, safu ambayo sauti inafika. Aliniambia nijaze ndoo alfajiri kwa sababu maji yanakatika. Aliniambia wale wa miaka ya mbele watanilazimisha kuimba na kupiga magoti, wataniita jina la mnyama, na kwamba hilo linakwisha baada ya majuma machache, nisilibebe moyoni. Alisema yote hayo bila uchungu, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Mara nyingi nilitaka kumwuliza: kama ulijua haya yote, ilikuwaje? Sikuuliza. Nyumbani kwetu tulikuwa tumezoea kutouliza.

Jioni moja Papa alirudi mapema kutoka depo, akatukuta bado barazani. Alivua viatu, akakaa kwenye ngazi akitugeuzia mgongo. Nilifikiri anapumzika tu. Baadaye alinyoosha mkono akaichukua ile katoni, akaigeuza geuza.

"Hii njo nini?"

Yaya alinitazama mimi kwanza. Halafu akamweleza, pole pole, kwa maneno ya depo: kwamba ni kama kutengeneza kipuri bila kukiona, ukiwa na mchoro wa upande na mchoro wa juu peke yake. Papa aliitikia kwa kichwa. Alisema Mzungu wake wa zamani, kabla ya uhuru, alikuwa na michoro kama hiyo lakini alikuwa anaikunja kila Mwafrika anapokaribia. Yaya akacheka. Papa naye akacheka, akashangaa kujisikia. Tulikula bukari, ugali wetu, na samaki pamoja mezani jioni ile, wote wanne, na mama hakuacha kumwongezea yaya mboga mpaka yaya akafunika sahani kwa mkono.

Kama mtu angenipa nafasi ya kusimamisha kiangazi kile mahali fulani, ningekisimamisha hapo.

Agosti ilipoingia yaya alianza kukonda. Mama alisema halali. Kila asubuhi anakuta mkeka wake haujakunjuliwa. Akili yake ilikuwa kali kuliko mwanzo, lakini ilikuwa kali kama kisu kisicho na mpini. Aliniwekea mazoezi magumu kuliko ya kitabu. Aliyatunga yeye mwenyewe, kisha akayapitia akinong'ona. Aliacha kusema "kule utafanya hivi", akaanza kusema "kule tutafanya hivi". Nilipomsahihisha mara moja, alinitazama kama mtu aliyeamshwa.

Siku moja alisema nimeshatosha, lazima nipimwe.

"Leo iko mutihani," alisema. "Mutihani wa kweli. Hakuna kuuliza, hakuna kutoka."

Aliihamishia meza jikoni, kile kijumba cha nyuma ambamo mama alipikia, kwa sababu kilikuwa na mlango mmoja na dirisha dogo. Alifagia majivu. Alivaa shati jeupe ambalo sikuwa nimeliona tangu aliporudi. Alinipa karatasi yenye maswali, akatoka, akafunga mlango.

Nilichora. Nje nilisikia akitembea, anakwenda, anarudi. Baadaye sikusikia tena. Lilikuwa swali la piramidi iliyokatwa na bapa la mshazari, na lilinitoa jasho, lakini nilijua ninachofanya, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba huenda nikawa mmoja wa wale wanaobaki ukumbini mwishoni. Nilipomaliza niliita, "Yaya! Nimemaliza!"

Nikaita tena. Nikaenda kufungua.

Alikuwa amesimama pale pale, hatua moja kutoka kizingiti, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Shati lilikuwa limelowa, limemganda mwilini. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye ile meza nyuma yangu.

"Ingia utazame," nilisema.

"Siwezi."

"Yaya, ni jikoni kwa mama."

"Najua ni jikoni." Alijaribu kuinua mguu. Niliona ule mguu ukikataa. Akaketi chini pale pale kwenye mavumbi, mgongo ukiegemea ukuta, na mimi nikaketi karibu naye kwa sababu sikujua la kufanya.

Yaya akasema, "Sikuanguka."

Sikuelewa.

"Prepo. Sikuanguka. Sikuingia." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilisoma mwaka muzima. Nilikuwa najua kila kitu, watu walikuwa wanakuja kwangu niwaeleze. Siku ya mutihani nilifika mlangoni na kalamu yangu. Wengine walipita. Mimi nikasimama. Nikasema nitaingia baada ya huyu, nitaingia baada ya yule. Wakafunga mlango. Siku ya pili, vile vile. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba nimekaa upande mwingine wa ukumbi. Halafu nikawa natembea tu mjini mpaka nguvu zikaisha."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

Alifikiri sana, alitaka kunijibu vizuri. "Sijue. Ningejua ningekuambia. Nilikuwa namusikia Papa ananiita enjenia. Siyo kwa ubaya. Nilikuwa namusikia tu." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie. Kuanguka anakujua, watu wanaanguka. Hili hatalielewa."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba sitasema. Lakini nilikuwa nimeshaona kivuli kwenye pembe ya nyumba. Papa alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, na kwa uso wake nilijua kwamba amesikia yote.

Sidhani kama Papa alikusudia kumwumiza. Alikuwa mtu wa vyuma. Kitu kikivunjika alitaka kujua kimevunjika wapi. Mwaka mzima aliishi na aibu aliyoizoea, na sasa aibu ile ilikuwa imebadilishiwa sura bila yeye kuulizwa. Hakupiga kelele. Ningependelea angepiga. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Afadhali ungeanguka."

Akaingia ndani. Hakula. Tulisikia baiskeli yake ikitoka kwenda depo.

Yaya alisimama, akajikung'uta suruali. Aliniambia piramidi yangu ataitazama kesho. Akaenda chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake hakutoka. Wala siku zilizofuata. Mama alimpelekea chakula, akarudi nacho. Aliketi nje ya mlango wake akimwita kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mtoto mchanga, kwa lugha ya kwao kule Fizi ambayo hakuitumia mbele ya Papa isipokuwa kwenye msiba. Papa naye alikwenda. Nilimwona mara kadhaa amesimama mbele ya mlango ule akitoka kazini, kofia mkononi, midomo inatembea. Alikuwa anatafuta sentensi. Mtu aliyejua jina la kila nati kwenye injini hakuipata hata moja, akawa anaondoka kwenda kukaa barazani, kwenye kiti ambacho yaya alikuwa akikalia akinifundisha.

Niliendelea peke yangu. Sikuwa na furaha nayo tena, lakini nilichora, kwa sababu lingekuwa jambo la kipumbavu kuacha, na kwa sababu nilipochora nilisikia bado sauti yake ikiniambia nifute vyote nianze upya. Upepo uliendelea kuleta mavumbi. Wasichana wenzangu walioolewa kiangazi kile walipita na watoto wa ndugu zao migongoni, wakaniuliza kwa huruma kama bado nasoma.

Mwishoni mwa Septemba mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuja kutoka Zongwe, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na magunia ya ndagala. Alikuwa amehama kutoka kaskazini zamani pamoja na wavuvi wengine wa kwao, akajenga kule. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, msimamizi wa kwaya kanisani. Mama alimwambia yote jikoni. Nilikuwa namenya mihogo, nikasikia.

"Humu ndani kila ukuta unamkumbusha," mama alisema. "Mchukue. Akavute nyavu, akae tu, sijali. Nataka apate usingizi."

Mjomba aliingia chumba cha nyuma, na alikaa humo muda mfupi tu. Alipotoka, yaya alikuwa nyuma yake na blanketi begani.

Nilikwenda kuwasindikiza ufukweni. Mtumbwi wa mjomba ulikuwa na mota nyuma, umejaa magunia matupu na akina mama wanaorudi Zongwe na sabuni na chumvi. Mawimbi yalikuwa makubwa, abiria walibebwa mgongoni kuingia. Papa hakuja. Alisema ana injini ya kumaliza. Mama alimfunga yaya kitambaa shingoni, akamwambia asikae kwenye upepo, maneno ya kila mama.

Yaya aliniita kando. Hakuwa amezungumza nami tangu siku ya jikoni.

"Piramidi ilikuwa sawa," alisema. "Niliitazama. Mama aliniletea karatasi."

"Asante, yaya."

"Sikiliza. Kule, ikifika siku ukashindwa kuingia mlangoni, mwambie muntu. Yeyote. Hata yule anayefagia. Sema tu kwamba unashindwa. Mimi sikumwambia muntu." Alinitazama kuhakikisha nimesikia, kisha akaingia majini mwenyewe, hakutaka kubebwa.

Majuma mawili baadaye nilipanda treni. Papa alinibebea sanduku mpaka ndani ya behewa, akalisukuma chini ya benchi, akaangalia kama dirisha linafunga. Hakutembea na treni. Alisimama na mama mahali pamoja, na hakuniita kitu chochote isipokuwa jina langu.

Prepo ilikuwa kama yaya alivyoichora, hata ubao ulivyong'aa saa nne. Waliniimbisha, nikapiga magoti, nikaitwa mbuzi. Maji yalikatika na ndoo yangu ilikuwa imejaa. Kwenye jeometri nilikuwa mbele ya wavulana waliotoka shule kubwa za mjini. Waliniuliza ni mwalimu gani alinifundisha, nikasema ndugu yangu, wakauliza anafanya kazi wapi, nikasema Zongwe. Hisabati nyingine zilinipiga vibaya. Siku za mitihani zilipofika, asubuhi ya kwanza nilimwambia msichana wa kitanda cha jirani, ambaye sikuwa hata namfahamu vizuri, kwamba naogopa kufika mlangoni nikasimama. Hakuniuliza kwa nini. Alinishika mkono kuanzia bwenini mpaka kwenye kiti changu. Alama zangu zilikuwa za chini, lakini zilitosha.

Nilirudi Kalemie kiangazi kilichofuata. Papa alikuwa amezeeka zaidi ya ule mwaka mmoja niliotarajia. Hatukupiga kelele za furaha, tulisali, tukala. Siku ya tatu au ya nne aliniuliza kama naijua njia ya Zongwe. Nilisema sijawahi kufika. "Hata mimi," alisema. Tukapanda mtumbwi pamoja, Papa amevaa suti yake ya kanisani na ameshika kofia isipeperushwe. Aliogopa maji.

Tulimkuta yaya ameketi kwenye mchanga, akishona wavu uliochanika. Alikuwa mweusi zaidi, mabega yamepanuka, ndevu zimekuwa nyingi. Alisimama akamwamkia Papa kwa heshima, akamtafutia kigoda. Mke wa mjomba alituletea samaki wabichi waliochemshwa na bukari ya muhogo. Papa alizungumza habari za depo. Alisema injini fulani imekufa kabisa, vipuri haviji tena, wanang'oa vya moja kuitilia nyingine. Yaya alisikiliza, akauliza maswali mazuri. Mimi nilimwambia nimepita. Alitabasamu, akasema alijua, kisha akarudisha macho kwenye wavu.

Mchana ulipopungua na mwenye mtumbwi alipoanza kutuita, Papa alisimama. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Twende nyumbani," alimwambia yaya. "Mama yako anakungoja. Kuhusu lile neno nililosema... Twende tu nyumbani."

Yaya aliweka sindano ya kushonea chini. Hakuwa na hasira. Nilimtazama vizuri, haikuwepo.

"Hapana, Papa," alisema. "Huku napata usingizi."

Papa aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alivua koti la ile suti, akamwekea yaya mabegani ingawa hapakuwa na baridi, akageuka kuelekea majini. Yaya alimsaidia kupanda, akausukuma mtumbwi mpaka maji yalipomfika kiunoni. Njia nzima ya kurudi Papa alikaa na shati lake jeupe, upepo ukimpiga, na nilipompa kitenge changu ajifunike alikikataa.